Baba, Mtoto na Vumbi la Kazini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, siku ya Jumapili. Kwa kuwa wengi walikuwa zamu siku hiyo, Kamati imeona yafaa ichapwe hapa yote, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)



Kamati imeniomba niseme juu ya afya na usalama. Kwa kawaida mtu akitaja maneno haya katika mkutano wa chama, sisi hufikiri mara moja habari za mashine isiyo na kizuizi, ngazi iliyooza, kofia ngumu na buti. Hayo tumekwisha yasema na tutayasema tena. Leo nataka kusema juu ya mtu mmoja ambaye hakuandikwa kazi, hana kadi ya chama wala hapokei mshahara, na hata hivyo hatari ya kazi yetu humfikia kila siku jioni. Mtu huyo ni mtoto mchanga aliye nyumbani kwako.

Najua wako watakaouliza: mambo ya watoto yahusu nini chama? Si kazi ya mama na kliniki? Nawajibu hivi. Katika siku za ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa mtu mmoja tu, yaani posho yake, blanketi lake na pahali pa kulaza ubavu, kana kwamba mfanya kazi hana mke wala mtoto. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo kamati ya Serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ile iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilipoandika wazi kwamba mshahara wapasa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake. Basi tangu zamani neno la mtoto limo ndani ya madai ya wafanya kazi. Tunapodai shilingi tunadai maziwa. Sasa nasema tudai pia kwamba baba asimpelekee mtoto sumu pamoja na yale maziwa.

Nianze na madini ya risasi, maana hayo ndiyo yenye hila nyingi. Sisemi risasi ya bunduki. Nasema yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari, ambayo miaka mingi yalitiwa katika rangi za mafuta, na ambayo bado yamo katika lihamu nyingi za mafundi. Fundi anayepasua betri kuukuu, au anayeyeyusha vibao vyake, au anayekwangua rangi ya zamani kwa msasa, hutoa vumbi jembamba lisilo na harufu, ambalo jicho haliwezi kuliona vizuri. Vumbi hilo hukaa katika nywele, katika kola ya shati, mifukoni, katika kamba za viatu na chini ya kucha. Saa ya kutoka yafika, fundi apanda matatu, afika nyumbani, mlango wafunguliwa, na mtoto aja mbio kumshika miguu. Baba amwinua, amweka kifuani. Hapo hapo vumbi limehama.

Sasa sikilizeni kwa nini jambo hili ni baya kwa mtoto kuliko kwako wewe. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake huweza kufyonza mara 4 hata mara 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Tena mtoto hutambaa sakafuni, mahali vumbi linapotua, na kila akiokotacho hukitia kinywani. Tena ubongo wake ungali unajengwa. Risasi humfanya mtoto awe mzito wa kujifunza, asiyeweza kutulia, mwenye upungufu wa damu. Ikizidi mno humletea degedege na hata kifo. Mwili huyaficha madini haya ndani ya mifupa kwa miaka mingi, na mama mja mzito huweza kumpa mtoto aliye tumboni. Wataalamu wanasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Na mtoto mwenyewe haonyeshi dalili mapema. Mwalimu atasema ni mvivu. Baba atasema ni mkaidi. Kumbe ni sumu.

Wala si hadithi za nchi za mbali. Karibu na Mikindani, Mombasa, kuna kijiji kiitwacho Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda kilijengwa pale cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi uliingia nyumbani mwa watu, maji machafu yakapita vichochoroni, na wenyeji wa pale ndio waliokuwa vibarua wake. Bibi Phyllis Omido alikuwa mfanya kazi katika ofisi ya kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaugua sana, na damu yake ilipopimwa ikaonekana imejaa risasi. Mama huyo hakunyamaza. Alikusanya wenyeji, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufani, fidia ile ikatenguliwa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu kiwanda kilipofunguliwa mpaka neno hilo la mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima karibu. Fidia ni haki yao na ilipiganiwa vizuri, lakini hakuna shilingi inayoweza kuutoa ubongo wa mtoto mahali ulipofikishwa na sumu.

Risasi si peke yake. Wenzetu wa mashamba ya maua na mboga, wanaopulizia dawa za wadudu, hurudi nyumbani na dawa katika nguo. Dawa nyingi za namna hiyo hupenya ngozi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba. Wenzetu wa ujenzi wanaovunja nyumba za zamani hukutana na mabati ya asbestosi, ambayo uzi wake ukivutwa pumuzini huweza kukaa miaka 20, 30, 40 kabla ya kuleta ugonjwa wa mapafu. Katika nchi nyingi wameonekana wake na watoto walioupata ugonjwa huo kwa kukung'uta na kufua nguo za mzee tu, bila ya kukanyaga kazini hata siku moja. Kipande cha bati la asbestosi kisiletwe nyumbani kuzibia banda la kuku, wala watoto wasikitumie kuandikia ubaoni.

Basi tufanye nini? Iko sehemu ya mwajiri na iko sehemu yetu, na sitaki moja ifiche nyingine.

Sehemu ya mwajiri iko katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo ilishika mahali pa ile sheria ya viwanda ya zamani. Sheria hii yamtaka mwenye kazi atoe nguo za kinga zinazofaa na kuzitunza. Yamtaka aweke maji na sabuni za kunawia, na mahali pa kuwekea nguo zisizovaliwa kazini. Yakataza mtu kula au kunywa katika chumba chenye vumbi au moshi wa sumu. Wala mwajiri haruhusiwi kumkata mfanya kazi mshahara kwa ajili ya vitu ambavyo sheria yenyewe imemlazimisha kuvitoa. Na popote penye wafanya kazi 20 au zaidi ni lazima iwepo kamati ya usalama na afya, ambamo wafanya kazi wana wajumbe wao. Nawauliza: katika kazi yako, kamati hiyo ipo? Ilikutana lini? Wengi wetu tuna kamati ya karatasi, iliyobandikwa ukutani pamoja na kalenda.

Nadhani neno moja lapasa kuingia katika mapatano yetu yajayo na waajiri, nalo ni hili: ovaroli zifuliwe kazini, kwa gharama ya kazi. Pakiwapo bafu, makabati mawili kwa kila mtu, moja la nguo za kazi na moja la nguo za nyumbani, na dobi wa kufua, basi vumbi la kazi litakaa kazini. Mwajiri atasema ni gharama. Ni kweli ni gharama. Lakini sasa hivi gharama hiyo inalipwa na mama watoto kwenye karai, na na yule anayetambaa kando ya karai.

Mpaka hapo itakapopatikana, sehemu yetu ni hii. Vua nguo za kazi kabla ya kutoka kazini kama kuna mahali. Ukikosa, zivue nje ya mlango. Viatu vibaki nje. Usijipulizie vumbi kwa hewa ya kompresa, kwani hulitawanya na kulitia pumuzini. Usikung'ute ovaroli ndani ya nyumba wala uani mahali watoto wanapocheza. Itie katika mfuko wake, iloweke peke yake, isichanganywe na nepi na leso za mtoto, na maji yake yamwagwe mbali. Nawa mikono, uso na shingo kwa sabuni, oga ikiwezekana, kisha ndipo umpokee mtoto. Atalia kidogo ukimpita mlangoni bila kumwinua. Alie. Baada ya wiki moja atakuwa amezoea kwamba baba huinua watoto baada ya kuoga. Na ovaroli hiyo uifue mwenyewe. Naona wengine mnacheka, lakini anayefua ndiye anayevuta lile vumbi, na kama mkeo ana mimba basi umewapa wawili kwa mara moja.

Fundi anayeyeyusha betri au lihamu nyuma ya nyumba yake, nitamwambia neno fupi: acha. Hakuna namna ya kuifanya kazi hiyo salama mahali wanapolala watoto. Na yule ambaye amekwisha fanya hivyo, ampeleke mtoto hospitali ya kaunti aeleze kazi yake, aulize juu ya kupimwa damu. Daktari hawezi kukisia kazi ya baba kwa kumtazama mtoto.

Jambo la pili ni chupa. Katika nyumba zetu chupa ya soda ni chombo cha kila kitu. Mafuta ya taa humo, thina humo, maji ya betri humo, dawa ya shambani iliyopunjwa kutoka stoo ya bwana humo, dawa ya kuzibulia mabomba humo. Mtoto wa miaka 2 hajui kusoma, lakini chupa ya soda aijua vizuri sana. Aliiona Krismasi. Akiiona chini ya kitanda atainywa, na mafuta ya taa yakiwa meupe yafanana na maji.

Akinywa mafuta ya taa, ninyi mnaomzunguka mtataka kumtapisha. Msimtapishe. Msimpe maziwa ya kumtapisha, wala maji ya chumvi, wala kidole kooni. Hatari kubwa ya mafuta ya taa si tumboni, ni kwenye mapafu. Akitapika yanapita njia ya pumzi na kumwunguza huko, na mtoto aliyekuwa akikohoa kidogo awa mahututi. Vivyo hivyo maji ya betri na dawa za kuzibulia mabomba: yalimchoma koo yakishuka, yatamchoma tena yakipanda. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, mfute kinywa, kimbia hospitali, na ile chupa uichukue mkononi ili daktari aione. Lakini dawa iliyo bora ni kwamba vitu vya kazi vikae kazini, na vile visivyo budi kukaa nyumbani vikae juu, ndani ya sanduku lenye kufuli, katika chombo chake chenye jina lake. Na mitungi ya dawa za shambani isifanywe ya maji hata ikioshwa mara saba.

Jambo la tatu ni jiko la makaa. Wenzetu walinzi wa usiku walijua jambo hili zamani, maana wako waliokutwa asubuhi wamekufa ndani ya vibanda vyao, jiko katikati na mlango umefungwa. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozi. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema, na mtu huona kichwa kinauma, hulegea, husinzia, basi. Katika miezi ya baridi, Juni na Julai, kule Limuru, Nairobi na pande zote za juu, baba mwenye huruma humwingizia mtoto jiko chumbani apate joto, akaziba madirisha kwa magunia ili upepo usipite. Huruma hiyo imeua watu. Jiko likiwa ndani, mlango na dirisha viwe wazi; na kabla ya kulala litolewe nje hata kama laonekana limekufa, kwani makaa yaliyofunikwa na majivu ndiyo hasa yanayotoa hewa hiyo. Mtoto mchanga hupashwa joto kwa ngozi ya mama au ya baba, kifua kwa kifua, blanketi juu. Ndiyo, ya baba pia. Kifua cha mwanamume kina joto lile lile.

Na akiungua kwa uji au maji ya chai, mtie maji baridi ya kawaida yanayomiminika juu ya jeraha kwa dakika 20. Hesabu kwa saa, maana dakika 20 ni nyingi kuliko ufikirivyo. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta ya kupikia, wala unga. Kisha mfunike jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali.

Sasa nije kwa wale wa zamu ya usiku, nami ni mmoja wao. Baba wa zamu ya usiku hulala mchana katika chumba kimoja na mtoto anayelia. Hakuna asiyejua tabu hiyo. Mtoto wa wiki 6 huweza kulia saa nzima bila ya ugonjwa wo wote, na mtu aliyekesha kwenye mashine kichwa chake si chake. Hapo ndipo wengine humshika mtoto mabegani na kumtikisa ili anyamaze. Ndugu zangu, mtoto asitikiswe. Kichwa chake ni kizito na shingo yake ni laini, ubongo hugonga ndani ya fuvu, mishipa midogo hukatika, na kwa sekunde chache tu mtoto aweza kupofuka, kulemaa au kufa. Hata mtu mwema aweza kulifanya, kwa uchovu tu. Ukiona hasira zinapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, funga mlango, zunguka nyumba, mwite jirani. Kulia hakumwui mtoto.

Kulala naye pia kuna kanuni. Mtoto mchanga alazwe chali, si kifudifudi, juu ya godoro lisilobonyea sana, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso wake. Baba aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mchanga. Wala mtu aliyechoka mno asikae naye kwenye kochi, kwani usingizi humwiba na mtoto huteleza kati yake na mto. Na chandarua kifungwe. Katika sehemu zenye malaria vyandarua vyenye dawa hutolewa kliniki kwa mama wajawazito na watoto wachanga; nimeona nyumba ambamo chandarua hicho kimefunika kitanda cha mzee, na mtoto yuko kwenye mkeka.

Juu ya maji nitasema kwa ufupi. Maji ya mfereji hukatika, nasi hujaza mapipa, ndoo na karai. Mtoto anayejifunza kusimama hushika ukingo, akachungulia, akatumbukia kichwa chini, na hana nguvu za kujiinua. Maji ya kina cha kiganja yatosha kumzamisha, wala hapigi kelele. Pipa liwe na kifuniko kizito, na karai la kufulia limwagwe mara kazi ikiisha.

Kuhusu chanjo na maradhi, mengi yameandikwa katika kile kijitabu cha kliniki, na ningependa kila baba hapa akisome mwenyewe usiku wa leo. Chanjo huanza siku ya kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya surua mwezi wa 9 na tena wa 18, pamoja na nyingine zilizoandikwa humo. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji. Akiharisha apewe chumvi ya pakiti iliyochanganywa na maji safi kama pakiti isemavyo, na vidonge vya zinki, na aendelee kunyonya. Asinyimwe vinywaji kwa kusema tumbo lipumzike.

Ila dalili za hatari lazima baba azijue kwa moyo, kwa sababu usiku wa manane ni yeye atakayeulizwa twende au tungoje. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa. Mtoto anayetapika kila anachopewa. Mtoto mwenye degedege. Mtoto aliyelegea asiyeamka vizuri. Mtoto anayepumua mbio, mbavu zikibonyea ndani. Na mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa, au aliye baridi kupita kawaida. Kwa mojawapo ya hayo hakuna kungoja alfajiri. Nauli ya dharura iwekwe kando tangu mtoto anapozaliwa, isiguswe kwa jambo jingine lo lote, na namba ya simu ya mwenye gari wa mtaa iandikwe ukutani. Hakikisha pia kwamba mtoto ameandikishwa katika bima yako. Tangu Oktoba 2024 mahali pa NHIF pameshikwa na SHA, na mfanya kazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75. Wako wenzetu wanaokatwa kila mwezi na majina ya watoto wao hayamo.

Mwisho nataka kusema juu ya likizo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2 kwa mshahara kamili. Wiki hizo 2 si zawadi ya meneja, wala si sehemu ya likizo yako ya mwaka. Na sheria hiyo hiyo yasema kwamba kwenda likizo ambayo mtu anastahili si sababu ya haki ya kumfuta kazi. Hata hivyo nimeona mabaraza ya ofisini ambako mtu akiomba likizo hiyo huchekwa, huulizwa kama yeye ndiye atakayenyonyesha. Na aibu ni kwamba wanaocheka si wakubwa peke yao, bali ni wenzake wa benchi moja. Chama kilichopigania saa za kazi hakiwezi kucheka jambo kama hili.

Na ukiipata, itumie. Siku zile za kwanza mama amechoka, amepoteza damu, na mara nyingine hali ya moyo wake ni nzito kuliko asemavyo. Akiwa na damu nyingi inayomtoka, au homa, au kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona giza, au maneno ya kukata tamaa, huyo apelekwe hospitali upesi kama mtoto mwenyewe. Kitovu cha mtoto kisipakwe majivu, wala mafuta, wala kinyesi cha ng'ombe. Kiachwe kikavu na safi, au kipakwe dawa iliyotolewa kliniki na si nyingine. Hizo ndizo kazi za wiki 2. Mtu akizitumia kwenda kujenga ukuta wa shambani, au kuwaandalia rafiki karamu, basi amechukua likizo ya ukuta.

Kina mama walio kazini wana haki nyingine ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke mahali pa faragha pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Si chooni. Katika madai yetu tuliweke hilo karibu na lile la kufua ovaroli, na wanaume ndio waliseme kwa sauti, kwa maana mtoto anayenyonya pale ni wa mmoja wetu.

MASWALI

Mwanachama mmoja aliuliza: "Mimi ni kibarua, nalipwa kila jioni. Haya ya likizo ya baba yanihusu?"

Jibu: Sheria yasema kibarua aliyefanya kazi kwa mfululizo unaofika mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa haki haiwezi kwisha ndani ya miezi 3, huhesabiwa kuwa ni mtu wa mwezi, na akiendelea miezi 2 au zaidi tangu siku aliyoajiriwa, ana haki ya masharti kama wale wasio vibarua. Kwa hiyo andika siku zako, kila siku, katika daftari, pamoja na jina la msimamizi. Bila ya daftari utasema miezi 5, naye atasema wiki 3. Ama nguo za kinga na maji ya kunawia, hayo hayangoji mwezi. Sheria ya usalama humlinda kila mtu aliye kazini tangu saa ya kwanza.

Mwanachama mwingine, mama wa idara ya kushona, aliuliza: "Kama mwajiri akikataa kuweka mahali pa kufulia, na mapatano mapya ni mwakani, tungoje?"

Jibu: Msingoje. Peleka neno kwa kamati ya usalama, liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Likikaa bila jibu, mwakilishi wenu alilete tawini kwa maandishi, na tawi litaliandikia barua Idara ya Usalama na Afya Kazini ili mkaguzi aje. Wakati huo huo kila idara ilete kwa Katibu orodha ya vitu vyenye sumu vinavyotumika pale, majina yake kama yalivyoandikwa kwenye kopo au mfuko. Orodha hizo zahitajiwa kabla ya mkutano ujao wa Kamati. Idara ya betri na ya rangi wamekwisha leta zao.